Ploti ni Gani? Neno Moja la Kizungu na Ardhi ya Kinondo

Watu wangu, leo siongei kuhusu wasanii wala siasa za juzi. Leo nataka tukae na neno moja tu. Neno lenyewe ni ploti.

Najua ushaanza kucheka. Ploti ni neno la kila siku. Ijumaa jioni beshte anakutumia meseji, "Ploti ni gani leo?" Anauliza mpango: ni Ukunda, ni baharini, ama kila mtu alale kwao. Kaka yako anahama, anakwambia amepata chumba kwenye ploti poa, maji hayapotei. Mjomba anapiga simu, kuna ploti inauzwa, hamsini kwa mia, hatua chache kutoka lami. Mnamaliza filamu, mmoja analalamika kwamba ploti yake haikushikana. Mwalimu wa hesabu ashakwambia mara ngapi uploti pointi kwenye karatasi ya grafu? Na kwenye habari kuna mheshimiwa anadai maadui zake wanamploti.

Hesabu hapo. Mpango, nyumba za kupanga, kipande cha ardhi, mtiririko wa hadithi, kuchora, njama. Maana sita, neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Mimi ni mtoto wa Kinondo. Ukitoka Diani ukashuka kusini, ukapita Galu, kabla hujafika Gazi, hapo ndipo kwetu. Na nikikaa nikilifikiria hili neno naona maana zake hazikukutana kwa bahati. Ukizifuata moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, unapata historia ya ardhi yetu yote. Hoja yangu ni fupi: ploti si udongo. Ploti ni udongo baada ya mtu kuuchora kwenye karatasi. Na maisha ya watu wengi huku yameamuliwa na swali la nani alikuwa ameshika kalamu siku hiyo ya kuchora.

Ngoja tuanze kule neno lilikozaliwa.

Udongo, karatasi, njama, hadithi

Katika Kiingereza cha kale, kama miaka elfu moja iliyopita, "plot" ilikuwa na maana moja: kipande kidogo cha ardhi. Basi. Hakuna njama, hakuna filamu.

Karne ya 16 ikaja na mambo ya upimaji. Wenye mashamba makubwa Uingereza wakaanza kutaka ramani za mali zao, na neno likapanda kutoka chini hadi mezani. Ploti ikawa pia mchoro wa ardhi. Sasa mtu anayechora ardhi huwa na nia nayo, kwa hiyo mchoro ukawa mpango. Na mpango ukiwa wa siri, ni njama. Hapo neno lilisukumwa na jirani yake wa Kifaransa, "complot", ambalo maana yake ni njama na sauti yake inakaribiana. Kabla karne ya 16 haijaisha, maana ya njama ilikuwa imeshakaa.

Halafu ikatokea 1605. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, London, mtu anayeitwa Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la bunge akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na wenzake walitaka kumlipua mfalme pamoja na bunge zima. Mpaka leo Waingereza wanaiita ile Ploti ya Baruti. Huyo Fawkes unamjua hata kama unadhani humjui: ile barakoa nyeupe ya masharubu na tabasamu la ajabu, ambayo watu huvaa kwenye maandamano dunia nzima, ni sura yake.

Miaka kama 40 baadaye, neno likapata maana ya mpangilio wa matukio katika hadithi. Ndiyo hiyo unayoitumia ukimaliza filamu.

Angalia mfuatano basi: udongo, karatasi, mpango, njama, hadithi. Waingereza walichukua karibu miaka 600 kufika mwisho. Pwani yetu ilipitishwa njia hiyo hiyo kwa chini ya miaka 100.

Kabla ya ploti

Nyanya yangu hadi leo hasemi ploti. Anasema munda. Kwa Chidigo, munda ni shamba, lakini ukimsikiliza utagundua haongei kuhusu ukubwa. Ukimuuliza munda wake unaishia wapi, atakwambia: kwenye mwembe wa fulani, ukipita kisima, pale kaburi la babu mkubwa lilipo. Mpaka wa shamba kwake ni watu na miti. Hamsini kwa mia hajui na hana haja nayo.

Wadigo ni moja ya makabila tisa ya Mijikenda, na kila moja lilikuwa na kaya zake, yaani vijiji vilivyozungushiwa msitu, vilivyokuwa ngome na mahali pa ibada. Huku kwetu ni Kaya Kinondo. Ardhi haikuwa ya mtu mmoja kuuza. Ilikuwa ya ukoo, na mgeni akitaka kulima alikwenda kwa wazee akaomba. Tena Wadigo walirithi upande wa mama: mali ya mjomba ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Uislamu ulipoenea watoto nao wakaanza kurithi kwa baba, na ubishi kati ya mpwa na mtoto ukaingia kwenye familia nyingi. Lakini hata ubishi huo ulikuwa wa nyumbani. Wabishani walijuana kwa majina.

Kuna kitu kingine cha Pwani ambacho vijana wengi hatukijui. Zamani, mti na ardhi vilikuwa mali mbili tofauti. Unaweza kuwa na minazi yako kwenye ardhi ya mwenzako. Ulipanda wewe, nazi ni zako, mchanga ni wake. Na mpaka leo pale Majengo, Mombasa, na Likoni, utakuta watu wenye nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zao, lakini chini ni pa mtu mwingine na wanamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kwa akili ya ramani hii ni fujo. Kwa watu wenyewe ilikuwa ni mapatano.

Sasa ebu fikiria mtu anakuja na karatasi moja, yenye mraba mmoja, na nafasi ya jina moja.

Karatasi inaingia

Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar kwamba wao wataendesha ule ukanda wa pwani wa maili kumi. Sultani akabaki mwenye bendera, Mwingereza akawa mwenye funguo. Hali hiyo ilidumu mpaka 1963, Kenya ilipopata uhuru na ukanda ukawa sehemu yake rasmi.

Katikati hapo kuna mwaka ambao ungefaa kufundishwa kila shule ya Kwale: 1908. Mwaka huo ilipitishwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Ilisema hivi kwa ufupi: kama una ardhi kwenye ukanda huu, nenda kwa msajili ukadai. Leta ushahidi. Ukikubaliwa utapewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai itahesabiwa kuwa ya Taji.

Soma tena pole pole. Sheria haikusema "tunawanyang'anya." Ilisema tu njooni muandikishe. Lakini nani alikuwa na uwezo wa kuandikisha? Waliojua kusoma, waliokaa mijini, waliokuwa na hati za zamani za Kiarabu, waliojua ofisi iko wapi na inafunga saa ngapi. Mdigo aliyelima kwa idhini ya ukoo wake alikuwa na ushahidi wa aina yake: mwembe, kisima, kaburi. Na ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo. Ukoo hauna sahihi. Ukoo haupangi foleni.

Ndiyo ikawa hivyo. Sehemu kubwa za Pwani zikawa za Taji, na taji lenyewe liko kichwani kwa mfalme London, mtu ambaye hakuwahi kula hata embe moja la Kinondo. Sehemu nyingine za Kwale zikatengwa kuwa rizavu ya Wadigo. Hilo nalo ni neno la kulitazama vizuri. Ukienda hotelini ukakuta meza imeandikwa "reserved", unajua imewekewa mtu. Rizavu ya wenyeji ilimaanisha ardhi tuliyowekewa sisi, na aliyetuwekea ni yule aliyekuja juzi.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya neno: kutoka udongo hadi karatasi. Bado hakuna baruti. Kuna wino tu.

Skimu na skwota

Uhuru ulipokuja wengi walidhani karatasi itarudi kuwa udongo. Haikurudi. Ardhi ya Taji ilibadilishwa jina ikawa ardhi ya serikali, na mamlaka ya kuigawa yakahamia kwa rais na ofisi ya kamishna wa ardhi. Rizavu zikawa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti. Mwaka 1968 ikaja sheria ya kupima na kugawa ardhi hizo za amana. Kamati ya wenyeji, mpimaji, bikoni zinapigwa, majina yanaandikwa kwenye daftari, daftari linawekwa wazi, na asiyeridhika ana siku 60 za kulalamika.

Siku 60. Kama ulikuwa umeenda Mombasa kutafuta kazi, kama ulikuwa mtoto yatima, kama ulikuwa mjane ambaye hakuna aliyemwambia daftari liko wapi, siku 60 zinapita. Mimi naamini kuna familia nyingi Pwani zilizopoteza ardhi kwa kutosikia habari tu.

Ukisoma kesi za mahakama ya ardhi za huku utakutana na ploti zenye majina kama Kwale/Galu Kinondo halafu nambari. Na ukisogea juu kidogo utakutana na Kwale/Diani Beach Block halafu nambari. Kila nikiyasoma hayo majina mawili naona kitu. Galu Kinondo angalau limebakisha majina ya watu walipoishi. Hilo lingine ni ufuo na bloku. Mgeni akilisoma anaweza kudhani hapakuwahi kuishi mtu.

Miaka ya 1970 utalii ulipanda, hoteli zikajipanga Diani, na ploti za ufuoni zikawa dhahabu. Hapa ndipo neno linaanza kubadilisha rangi. Mwaka 2003 serikali iliunda tume kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, ile ambayo watu huiita Tume ya Ndung'u. Ripoti yake ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria miaka na miaka, mara nyingi kama zawadi ya kisiasa. Yaani kalamu ilikuwa ofisini, ardhi ilikuwa kwetu, na katikati kulikuwa na watu wanaojuana.

Ona na maneno yaliyokuja pamoja na ploti. Serikali ilipotaka kuwapa watu makazi ilianzisha skimu. Hata Diani kuna skimu. Neno hilo limetoka kwa Wagiriki, na mwanzo lilimaanisha umbo au mchoro tu. Kwa Mwingereza, "scheme" ni mpango wa kawaida wa serikali. Kwa Mmarekani, neno hilo hilo lina harufu ya ulaghai. Mzee mmoja wa huku akikwambia "walikuja na skimu yao", huwezi kujua anatumia Kiingereza cha London ama cha New York, na pengine anatumia zote mbili.

Na kuna skwota. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwa Kiingereza, "squat" ni kuchuchumaa. Skwota ni mtu aliyechuchumaa mahali, hajakaa, anaweza kuambiwa ainuke wakati wowote. Sasa chukua familia iliyozikwa vizazi vinne mahali pamoja. Minazi wamepanda wao, kisima wamechimba wao. Halafu kwenye gazeti wanaitwa maskwota, kwa sababu karatasi imeandikwa jina la mtu ambaye hajawahi kulala pale hata usiku mmoja. Nani hapo amekaa na nani amechuchumaa? Na sisi wenyewe tumelimeza hilo neno. Nimesikia watu wa kwetu wakijiita maskwota bila hata kusita.

1997

Sasa tufike pale ploti ya ardhi na ploti ya njama ziliposhikana kabisa.

Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kundi la vijana lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua na kuchukua silaha. Vurugu zikashuka kusini mpaka Ukunda na Diani. Waliolengwa zaidi ni watu waliotoka bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakakimbia, wengine wakajificha makanisani. Utalii ulianguka, na waliopoteza kazi walikuwa wa kila kabila.

Yaliyoandikwa baadaye na wachunguzi yanakuja na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, uchungu wa ardhi ulikuwa wa kweli. Vijana waliochukua panga walikua wakisikia hadithi za munda uliokuwa wetu. La pili, uchungu huo ulitumiwa. Kulikuwa na watu wa siasa waliouona, wakaupangilia, wakaupa ratiba inayolingana na uchaguzi. Hiyo ndiyo ploti kwa maana ya Guy Fawkes.

Na waliokufa ni nani? Fundi aliyekuja kujenga hoteli. Mama wa mboga. Mtu aliyeweka akiba miaka kumi akanunua hamsini kwa mia kwa pesa yake halali, kutoka kwa muuzaji wa hapa hapa. Alinunua ploti ambayo hakuichora yeye. Waliochora hawakuguswa hata ukucha.

Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare anaonyesha jeshi likipita kwenda kupigania kipande cha ardhi kidogo mno, kiasi kwamba hakitatosha hata kuwazika watakaokufa hapo. Neno analolitumia ni hili hili letu. Miaka 400 imepita na bado kuna watu wanaofaidika tukipigana sisi kwa sisi juu ya ploti, maana tukiwa tunapigana hatuulizi nani alishika kalamu.

Naliandika hili nikijua wengi wenu mnaosoma mlizaliwa baada ya 1997, kama mimi. Tumeachiwa hadithi yake vipande vipande. Ukimsikia mtu leo anakwambia adui yako ni jirani aliyetoka bara, muulize ana ploti gani. Uliza kwa maana zote.

Msitu wa ploti 640

Wacha nigeuze upande, maana Kinondo ina jibu moja ambalo dunia nzima inakuja kulitazama.

Kaya Kinondo ni msitu wa kama hekta 30, karibu na bahari. Ukipiga hesabu za broka, hekta 30 ukikata hamsini kwa mia unapata zaidi ya ploti 640. Ploti 640 hatua chache kutoka ufuoni! Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo ya Diani. Utapata pesa za kukutoa jasho.

Na bado msitu uko. Wazee waliulinda kwa amri ambazo hazikuandikwa popote: usikate mti, usiokote hata jani ukatoka nalo, ukiingia ujifunge kaniki, uwe na adabu. Mwaka 1992 kaya kadhaa za Kwale na Kilifi zilitangazwa kuwa turathi za kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa, na Kinondo ilikuwamo. Mwaka 2001 wenyeji walianza kupokea wageni kwa utaratibu wao. Mwaka 2008 UNESCO ikaziweka kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Kaya Kinondo ni mojawapo.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Wazee hawakuikataa karatasi. Waliitafuta karatasi iliyokubali maana yao. Badala ya mraba wenye jina la mtu mmoja, wakapata karatasi inayosema hapa ni mahali pa watu wote wa hapa, pamoja na waliokufa. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya jamii, na inataja waziwazi misitu, malisho na sehemu za ibada zinazotunzwa na jamii. Lile jambo ambalo sheria ya 1908 haikuweza kuliona, kwamba ukoo unaweza kumiliki, sasa limeandikwa kwenye sheria kuu ya nchi.

Si kaya peke yake. Nenda Gazi, wadi hii hii yetu ya Kinondo. Kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa. Pesa zimeingia kwenye maji na shule. Hakuna aliyekata mikoko vipande vipande ili ilete faida.

Sisemi hatimiliki ni mbaya. Mtu asiye na hati huku kwetu analala jicho moja wazi. Ninachosema ni kwamba kupimwa si lazima kumalizikie kwenye kuuzwa, na ardhi inaweza kuwa kwenye karatasi bila kupoteza watu wake.

Sasa ploti ni gani?

Hapa ndipo nakuja kwetu sisi vijana, na hapa sitambembeleza mtu.

Ni rahisi kulaumu Taji, kulaumu Nairobi, kulaumu mabwenyenye wa ufuoni. Wanastahili. Lakini siku hizi ploti nyingi za Kinondo haziibwi na mfalme. Zinauzwa na sisi. Nina binamu yangu aliyeuza kipande cha familia akanunua bodaboda. Bodaboda ilifika miaka mitatu ikafa. Kipande kile kina ukuta sasa, na mti ambao nyanya aliutumia kuhesabu mpaka umekatwa. Sikasirikii binamu, alikuwa hana kazi na broka alikuwa na noti mkononi. Lakini karatasi hiyo haina njia ya kurudi.

Waingereza wana msemo kuhusu mtu aliyechanganyikiwa, asiyejua tena anachofanya: wanasema amepoteza ploti. Kwao ni msemo. Kwetu ni habari ya wiki.

Kwa hiyo mimi ploti yangu ni hii, na naomba iwe yako pia.

Kwanza, nenda ukajue jina gani liko kwenye daftari la ardhi yenu. Ofisi ya ardhi iko Kwale mjini. Ukiwa na nambari ya ploti unalipa ada, unafanya ule upekuzi watu huuita sachi, unaona mwenyewe nani ameandikwa na kama kuna deni ama zuio. Familia nyingi zitakuta hati bado ina jina la babu aliyekufa kitambo. Hiyo ni hatari. Ardhi ya marehemu isiyofunguliwa urithi ndiyo chakula cha matapeli. Kama nyinyi ni Waislamu, kesi ya urithi inaweza kusikizwa na Kadhi. Msingoje mgombane ndipo muende.

Pili, msikubali jina moja la kiume limeze majina mengine yote. Sheria za sasa zinataka mume au mke aridhie kabla nyumba ya familia haijauzwa. Na sisi Wadigo, watu tuliowahi kurithi kupitia kwa mama, tutakuwa wa ajabu tukiwaacha dada zetu nje ya karatasi.

Tatu, na hili halilipiwi ada, andika munda kabla haujawa ploti. Chukua simu yako, hiyo hiyo ya kurekodia dansi. Tembea na nyanya, tembea na babu. Mwembe huu alipanda nani? Kaburi hili la nani? Kisima hiki kilichimbwa mwaka gani wa njaa? Sehemu hii inaitwaje kwa Chidigo? Mwaka 1908 ushahidi wa wazee wetu ulikuwa kwenye kumbukumbu na msajili alitaka karatasi. Sisi tuna kumbukumbu na tuna njia ya kuzihifadhi, vyote mkononi, na tunavitumia kuchekesha watu.

Maana ya mwisho ya neno hili kule Uingereza ilikuwa hadithi. Kwetu hatujafika hapo bado. Udongo tulikuwa nao, karatasi ikaja, njama tukaziona. Hadithi bado inaandikwa, na mpaka sasa imeandikwa zaidi na watu wanaotuita maskwota.

Kwa hiyo Ijumaa hii mtu akikuuliza ploti ni gani, mwambie unaenda kwa nyanya, na simu umeshaichaji.